Mwizi wa Maji Asiye na Miguu



Juma hili twataka kuzungumza juu ya chombo ambacho watu wa adabu hawapendi kukitaja mezani, nacho ni choo cha maji. Msicheke, wala msigeuze ukurasa. Ninyi mnaokaa mjini, katika nyumba yenye bomba na mita, huenda chombo hicho kinakula fedha yenu usiku na mchana bila ninyi kujua. Na kama maji kwenu ni haba, huenda kinaleta hata ugomvi kati ya mzazi na mtoto. Ndivyo ilivyotokea nyumbani kwangu. Nitawasimulia bila kuficha kosa langu, maana kosa la mmoja laweza kuwa shule kwa wengi.

Sisi twakaa Bukavu, juu kilimani. Katika mtaa wetu maji hufika bombani saa za usiku tu. Kwa hiyo tuna pipa la litri 200, nasi tumeliweka mahali pa juu nyuma ya nyumba. Usiku pipa hujaa. Mchana maji hushuka kwa bomba dogo, mengine jikoni, mengine chooni. Kwa miaka mingi pipa hilo lilitutosha tangu asubuhi hata jioni. Lakini mwanzoni mwa kiangazi tuliona ajabu: saa nane ya mchana pipa lilikuwa tupu, na sufuria ya jioni haijawekwa motoni.

Nilimwita binti yetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitatu, nikamwambia:

— Ni wewe unayefua nguo kwa maji mengi, kama mtu aliyezaliwa ziwani.

— Hapana, Baba. Nafua kwa beseni moja tu.

— Usinijibu hivyo. Maji hayana miguu. Kama hayakutembea yenyewe, yuko aliyeyamwaga.

Mtoto akanyamaza. Nami, nikidhani kwamba kunyamaza kwake ni kukiri, nilimpa adhabu: kila jioni ashuke kwenye chemchemi chini ya kilima, alete bidoni moja ya litri 20. Mama yake alinishauri kwa upole, akasema: «Baba watoto, njia ile si nzuri giza likiingia.» Nikajibu kwamba atajifunza kutunza maji. Basi binti yetu alipanda kilima kile na bidoni kichwani majuma matatu.

Usiku mmoja usingizi ulinipotea. Watoto wote walikuwa wamelala, nyumba kimya. Mara nikasikia chooni sauti ya maji yakiingia katika tangi: sss… kisha kimya. Hakuna aliyeamka, hakuna aliyefungua mlango. Baada ya kitambo, tena: sss… Niliketi kitandani, nikahesabu. Sauti ile ilirudi mara nne kabla jogoo hajawika. Hapo nilianza kuogopa, si kuogopa mizimu, bali kuogopa kwamba nimemhukumu mtu asiye na hatia.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya mabomba miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema:

— Mwalimu, tangi linalojijaza lenyewe usiku ni tangi linalojimwaga lenyewe. Tazama kizibo cha chini.

Basi, wasomaji wapendwa, aliyonifundisha mzee yule, na niliyoyaona kwa macho yangu, ndiyo ninayowapa leo.

TANGI LINAVYOFANYA KAZI

Ukiondoa kifuniko cha tangi la choo utaona vitu viwili vikubwa. Cha kwanza kiko kando: ni robine ndogo yenye boya. Maji yakishuka, boya hushuka nalo, robine ikafunguka. Maji yakipanda, boya hupanda, robine ikajifunga. Hiyo ni robine ya kuingizia maji.

Cha pili kimesimama katikati, juu ya tundu kubwa la chini: ndicho kizibo cha kumwagia maji. Katika matangi mengi ya miji yetu, kizibo hicho ni kama mwanzi wa plastiki uliosimama wima. Chini yake pana pete bapa ya mpira inayokaa juu ya kiti chake na kuzuia maji. Ukivuta kifundo kilicho juu ya kifuniko, au ukikibonyeza kama ni cha namna mpya, mwanzi huinuka, na maji hushuka kwa nguvu katika bakuli la choo. Tangi likiisha kuwa tupu, mwanzi hurudi chini kwa uzito wake, pete ikaziba tundu, na tangi huanza kujaa tena. Mwanzi huo una uwazi ndani yake tangu juu hata chini. Maji yakizidi kipimo, huingia kwa juu na kushuka bakulini, yasifurike sakafuni.

Shida iko katika ile pete ya mpira. Mpira hukaa majini usiku na mchana. Baada ya miaka huwa mgumu, au hupata makunyanzi, au mchanga na ukoko wa chokaa hukaa kati yake na kiti chake. Hapo hauzibi tena sawasawa. Maji hupita kidogo kidogo, kama uzi mwembamba ukutani mwa bakuli, hata jicho halioni. Tangi hushuka polepole. Boya huona upungufu, hufungua robine, na maji mapya huingia. Ndiyo sauti niliyoisikia usiku.

Kasoro hiyo si ya vyoo vyetu tu. Katika Uingereza, kwa muda mrefu sheria haikukubali tangi la choo lenye kizibo kama hiki. Walitumia bomba lililopindwa, linalovuta maji kupita juu ya mgongo wake, na bomba la namna hiyo haliwezi kuvuja, kwa sababu hakuna pete ya mpira chini ya maji. Ni kanuni za mwaka 1999 zilizoruhusu vizibo katika vyoo vipya, kuanzia mwaka 2001. Tangu hapo Waingereza nao wamejua taabu ya vyoo vinavyovuja kimya kimya. Kizibo ni chombo chema, ila chataka kuangaliwa.

NAMNA YA KUMTAMBUA MWIZI

Usikimbilie dukani kwanza. Fanya majaribio haya mawili, wala hayana gharama.

La kwanza: jioni, watu wote wakiisha kulala, tia ndani ya tangi buluu kidogo ya kufulia nguo, au chai nzito isiyo na maziwa. Usivute maji. Baada ya nusu saa tazama bakulini. Ukiona rangi, maji yanatoka tangini na kushuka bila kuitwa.

La pili litakuambia yanapita wapi. Funga robine ndogo iliyo kwenye bomba liingialo tangini. Piga alama ya kalamu ya risasi ndani ya tangi, mahali maji yanapofika. Ngoja nusu saa. Kama maji yameshuka chini ya alama na chini ya mdomo wa mwanzi, basi pete ya chini haizibi. Kama maji yamesimama sawasawa kwenye mdomo wa mwanzi wala hayashuki tena, kizibo hakina kosa. Yalikuwa yakifurika kwa juu. Hapo mkosaji ni robine yenye boya, isiyojifunga kwa wakati wake. Wengi hubadili kizibo bure kwa sababu hawakufanya jaribio hili.

Nyumbani kwangu maji yalishuka sentimeta 2 kwa nusu saa. Nikachukua rula ya shule. Tangi letu kwa ndani lina urefu wa sentimeta 40 na upana wa sentimeta 15. Basi kila sentimeta moja ya kimo ni sentimeta za ujazo 600. Sentimeta mbili ni 1200, yaani litri 1,2. Hiyo ni kwa nusu saa. Kwa saa nzima ni litri 2,4. Kwa saa 24 ni litri 57,6.

Niliweka kalamu chini, nikatazama hesabu ile kwa muda mrefu. Litri 57,6 ni karibu bidoni tatu kila siku. Ni zaidi ya robo ya pipa letu. Kwa mwaka mzima ni litri 21 000 na zaidi. Na mimi nilimtuma mtoto wangu kuleta bidoni moja kila jioni, alipe maji ambayo hakuyamwaga!

KAZI YENYEWE

Kabla ya kununua kizibo kipya, jaribu dawa ndogo. Vizibo vingi vya siku hizi vina sehemu ya juu inayotoka kwa kuizungusha robo ya mzunguko. Itoe, safisha pete kwa maji na kitambaa laini, safisha na kiti chake, uondoe mchanga wote. Kama pete ni bapa na imechakaa upande mmoja tu, waweza kuigeuza upande wa pili. Itakusaidia kwa muda. Usiipake mafuta ya mashine, kwa maana huharibu mpira. Mara nyingine kazi huishia hapo, na gharama yake ni sabuni ya kunawa mikono tu.

Lakini kama pete ni ngumu kama kwato, au mwanzi umepasuka, badili kizibo chote. Pima kimo cha tangi kwa ndani na upana wa tundu la chini, au peleka kizibo cha zamani dukani ukilinganishe na kipya. Ukipata chenye vifundo viwili, ni bora zaidi: kimoja humwaga maji yote, kingine humwaga nusu tu, nayo yatosha kwa haja ndogo. Hakikisha pia kwamba wauza pamoja nacho pete nene ya mpira inayokaa kati ya tangi na bakuli. Ya zamani isitumike tena.

Kisha fuata taratibu hii.

1. Funga robine ndogo ya tangi. Vuta maji yote. Yaliyobaki chini, yanyonye kwa sifongo au kitambaa.

2. Fungua kifundo cha juu, ondoa kifuniko, ukiweke mbali na miguu ya watoto.

3. Weka ndoo chini, kisha fungua bomba liingizalo maji.

4. Chini ya tangi mna bulo mbili ndefu zinazolishika kwenye bakuli. Zifungue. Kama zimeshika kutu, zitie mafuta kidogo, ungoje, usizilazimishe kwa nyundo.

5. Mwite mtu wa pili. Inueni tangi moja kwa moja juu, mlilaze juu ya gunia au blanketi kuukuu. Tangi ni la udongo uliochomwa. Ni zito, na likigonga sakafu ya saruji halina fundi tena.

6. Chini ya tangi utaona nati kubwa ya plastiki. Ifungue, utoe kizibo cha zamani. Safisha tundu vizuri, ndani na nje, mpaka kidole kisihisi ukoko.

7. Ingiza kizibo kipya, mpira wake ukae ndani ya tangi, kati ya kizibo na udongo. Kaza nati kubwa kwa mkono, kisha ongeza kidogo sana kwa chombo. Vaa pete nene mpya kwa nje.

8. Rudisha tangi mahali pake. Kaza zile bulo mbili kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka tangi lisitikisike. Hapa ndipo wenye nguvu hushindwa: hukaza upande mmoja kwa hasira, na tangi hupasuka.

9. Pima kimo cha mwanzi: mdomo wake uwe sentimeta mbili hivi juu ya maji tangi likiisha kujaa, tena uwe chini ya tundu lolote ambalo maji yangeweza kutokea nje. Boya nalo lirekebishwe lisipandishe maji kupita kiasi.

10. Unga bomba, fungua robine polepole. Tangi likijaa, pitisha karatasi kavu chini ya nati na bulo zote. Karatasi ikilowa, kaza kidogo. Vuta maji mara tatu, utazame tena. Mwisho rudia jaribio la buluu.

Ukiisha, nawa mikono kwa sabuni, kwa maana umeshika bakuli. Lakini ujue jambo moja: maji yaliyomo ndani ya tangi ni yale yale yaliyotoka bombani. Uchafu uko chini, hauko juu. Anayeogopa kutia mkono tangini anaogopa bure.

Na onyo moja kwa akina mama wapendao usafi: msitie ndani ya tangi vidonge vya javeli. Vinapolala humo siku nyingi hula mpira, na kizibo kipya huwa kikuukuu kabla ya wakati wake. Sugueni bakuli kwa dawa; tangi liacheni na maji yake.

JUU YA AIBU

Mzee jirani alikuja kusimama kando yangu, lakini hakugusa kitu. «Mikono ni yako,» alisema. Kwa kweli mwanzoni niliona haya. Nilijiuliza wanafunzi wangu watasema nini wakinikuta nimepiga magoti mbele ya choo na sifongo mkononi. Wako akina baba wengi walio kama mimi. Kushika kitabu si aibu, kushika usukani si aibu, lakini choo tunawaachia mama na mabinti wasafishe, wachote maji, wabebe, na kikiharibika, tunasema: «Tutaona mwezi ujao.» Mwezi ujao haufiki, na maji yanatoka. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika nyumba yangu aliyekuwa akijenga ukuta ni mtoto, kwa bidoni kichwani.

Mimi nilihitaji wa kunishika tangi. Nilimwita binti yangu. Alikuja bila kusema neno, akashika upande wa kushoto, mimi wa kulia, tukaliinua. Nilimwonyesha pete ya zamani, jinsi ilivyokuwa ngumu na yenye ufa mdogo ubavuni. Aliikunja kwa vidole vyake, ikavunjika.

— Ni hii, Baba?

— Ndiyo hii. Wewe hukumwaga maji. Mimi nilikosa. Nisamehe.

Aliinama, akaendelea kusafisha tundu kwa kitambaa. Baadaye kidogo akasema, bila kunitazama:

— Nilikuwa nahesabu hatua njiani, Baba. Ni mia nne na kumi na mbili.

Sikuwa na la kujibu. Nilikaza nati, naye akanishikia taa.

Pipa letu sasa latosha tena hata jioni. Kila mwanzo wa mwezi binti yetu hutia buluu tangini, kisha huja kuniambia kama bakuli limebaki jeupe. Kazi hiyo aliichagua mwenyewe, na anaijua kuliko mimi.

Basi, baba na mama, leo jioni, kabla ya kulala, nyamazeni kidogo mkasikilize nyumba yenu. Na kama kitu kimepungua, maji au sukari au fedha, kwanza pimeni, kisha ulizeni, na mwisho kabisa ndipo mhukumu. Mimi nilianza kwa kuhukumu, na mtoto wangu alilipa kwa miguu yake.

Juma lijalo tutazungumza juu ya robine ya jikoni inayodondoka, na namna ya kubadili mpira wake. Kwaherini.